Mto wa mfano

Leo nimepigiwa makofi Mulanda, na nimerudi Busia nimechoka roho.

Nilitumwa kuieleza kamati ya kutunza mto kwamba kompyuta imekadiria usafi wa maji ya eneo zima, mpaka ziwani, na kwenye ramani mto wao umetokea mwekundu. Mwekundu, yaani mchafu: mbolea na mavi ya ng'ombe.

Neno la makadirio hayo, "modeli", hakuna aliyelijua. Basi nikasema "mfano".

Mfano wa mto wenu. Asubuhi nzima, mfano, mfano.

Nikauliza kama kuna swali.

Mama mwenyekiti akasimama, machozi yanamlengalenga.

"Tunashukuru Mungu! Kwa mito yote, yetu ndiyo wamechagua kuwa mto ya mfano!"

Vigelegele. Mtu akaanzisha pambio.

Jamani, nilijaribu kufafanua. Nani anasikia?

Mama akapiga magoti, akanipa kikombe kimejaa maji ya mto. "Mugeni wetu, kunywa."

Nikabaki nacho mkononi.

Wanakamati hawakungoja. Waliinua vikombe vyao, wakanywa wote.

Mwenye neno zuri kuliko "mfano" aniandikie hapa chini. Wale watu wanachota kila asubuhi.