Fomu Kwenye Meza ya Arobaini

Mimi sina chama. Nimekaa vipindi viwili kwenye baraza la mji wetu mdogo hapa Maryland, nikipigia kelele taa za barabarani na mitaro iliyoziba, na Waswahili wenzangu hawajaacha kunichamba: "Huna chama, siku ya siku nani atakushika mkono?" Mwaka huu nikajitia kiherehere, nikautaka ujumbe wa baraza la kaunti. Mgombea asiye na chama lazima kwanza apeleke sahihi za wapiga kura, rundo zima, la sivyo jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura.

Sahihi zangu zilikuwa hazijatosha. Jumamosi kulikuwa na dua ya arobaini ya jirani yetu, kwenye ukumbi mmoja Lanham, nami nikaziweka fomu mezani pale mlangoni, pembeni ya daftari la waliohudhuria. Nilijua ninachofanya. Kwetu karatasi ya mlangoni penye msiba haiulizwi. Unaandika jina, unaandika anwani, unaenda kukaa. Ukikataa, watu watasema ulikuwa na kinyongo na marehemu. Nikajiambia simtegi mtu, kila kitu kimeandikwa juu ya fomu. Kimeandikwa, ndiyo, kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo.

Jumatatu asubuhi nikazipeleka ofisi ya uchaguzi, zikagongwa muhuri. Nikatoka pale naimba. Nilikuwa naegesha gari kwenye maduka ya Wheaton shangazi aliponipigia simu, shangazi yangu huyu aliyenipokea nilipokuja nchi hii na koti la kuazima.

"Mwanangu, na mimi nimekusainia! Ulidhani ningekuacha?"

Shangazi ana grini kadi. Si raia, na intavyuu yake ya uraia ilikuwa Alhamisi ya wiki ile ile. Fomu yangu inasema anayesaini anaapa kwamba ni mpiga kura aliyeandikishwa, na hapa mpiga kura sharti awe raia. Ya Rabi, nimemfanya nini mama wa watu? Akilini nilimwona akinyimwa uraia, nikamwona na sanduku lake uwanja wa ndege, na yote sababu ni mimi na uroho wangu wa sahihi.

Nikageuza gari, nikarudi ofisini mbio. Karani alikuwa mpole. Fomu zikishapokelewa hazirudishwi, alisema. Nikijitoa siku ile, hawataanza kuhakiki jina moja moja, lakini karatasi zitabaki kwenye faili.

"Zitabaki mpaka lini?"

Akainua mabega. Nikaandika barua ya kujitoa pale pale kaunta, mistari miwili. Miaka yote ya kubisha hodi kwenye milango ya watu, basi. Wala sikuumia, maana nilikuwa namwaza shangazi tu.

Wakili niliyempigia simu akaniambia shangazi aeleze ukweli wote. Kusaini kwa kutojua kunaelezeka. Uongo mbele ya ofisa ndio utakaommaliza. Jumatano nikaenda kwake kumfanyisha mazoezi ya maswali. Alikuwa anakata vitunguu.

"Umewahi kujitambulisha kuwa raia wa Marekani?" nikasoma.

"Hapana."

"Shangazi, hapo useme: nilisaini fomu msibani, niliwekewa na mtoto wa kaka yangu, sikujua."

Akaweka kisu chini. "Nikutaje wewe kwa serikali?"

"Nitaje. Nakuomba."

"Hebu nitolee balaa! Nikuchongee damu yangu?"

Nilimsihi mpaka nikalia. Nikamwambia alivyosema wakili, nikarudia, nikapandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Akaendelea na vitunguu vyake.

Alhamisi nilimpeleka mwenyewe. Njia nzima nilimwomba, yeye anavuta uradi tu. Tukakaa kwenye viti vya kusubiri. Jina lake lilipoitwa, alinishika shavu.

"Usiogope, mwanangu," akaninong'oneza. "Sikutaji."

Akaingia.