Dagaa Waliomwagiwa Maji

Kwa nini Bibi aliwamwagia maji dagaa aliowaanika mchangani tangu asubuhi? Juzi, nilipomwona mtoza ushuru na mashine yake pale mwaloni Ujiji, mitumbwi inakoshusha samaki, niliikumbuka alasiri ile ya utotoni, mtoza ushuru wa wakati huo aliposimama mbele ya Bibi.

"Shikamoo Bibi. Dagaa wamekauka, lipa ushuru."

"Marahaba. Choo mlichotuahidi kiko wapi?" Bibi akainamisha ndoo, harufu ya samaki ikafufuka. "Haya, hawa wamelowa. Nitoze!"

Wanawake walicheka. Mimi nililia, nikidhani jua limemchanganya na kesho hatutakuwa na cha kuuza.

Nikiwa chuo kikuu nilisoma muhtasari wa mkutano wa mtaa uliofanyika kabla ya alasiri ile: dagaa wabichi walisamehewa ushuru baada ya mama mmoja kukataa kuketi mpaka hilo liandikwe. Jina lake lilikuwa la Bibi.