Kifundo cha Mhispania

Tulipohama Nosy Be kwenda Mahajanga, jirani yetu alikuwa bibi mmoja Mhispania. Zamani alishindana kwao kucheza juu ya barafu, hata akaumia kifundo cha mguu, akaacha. Sasa kukatangazwa shindano la viatu vya magurudumu barabara ya pwani, naye roho inamtoka kwa hamu ya kurudi kushindana. Mama yangu, mkandaji, akamkanda kifundo kwa mafuta ya nazi ya moto.

"Cheza, mwanangu, lakini kuruka, hapana!"

Yule akaitikia ndiyo kwa Kifaransa cha huku, kwa sauti ya puani: "Wii, wii, mama."

Siku yenyewe si akaruka! Mama akajifunika leso usoni.

"Kifundo kimevunjika?"

"Hata!" nikamwambia. "Kasimama, anacheka."

Mama akafunua jicho moja, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Mwiteni nimchape."