Daftari la Mchumba Wangu

Kanisani kwetu Gesima, wachumba hawatangaziwi ndoa kabla ya kumaliza mafunzo. Sabato saba mfululizo, baada ya chakula cha mchana, mnakaa wawili wawili mbele ya mchungaji. Kila mtu hupewa daftari lake na maswali ya kujibu nyumbani, bila kumwonyesha mwenzake. Daftari moja likikosekana, hakuna tangazo.

Tulikuwa jozi tano. Jozi nne na nusu, nikisema ukweli, maana mchumba wangu alikuwa Mombasa kwenye bohari ya nafaka, na hakupewa ruhusa. Mchungaji alikubali ajibu kwa simu, nami nimwandikie. Nilibeba madaftari mawili na kukaa peke yangu kwenye benchi la watu wawili. Wenzangu walinongonezana na kufinyana. Niliwaonea wivu hadi nikawachukia, na wote walikuwa watu wazuri.

Juma la kwanza nilimpigia nikamsomea maswali. Alijibu mawili, kisha akaitwa kupakua lori. Juma la pili alisema, "Wewe andika tu vile unaona. Si unanijua?"

Basi nikaandika. Mwanzoni niliandika kidogo, kwa aibu, halafu nikanogewa. Swali moja liliuliza mwenzako akikasirika hufanya nini. Kwenye daftari lake niliandika: "Hunyamaza, akaosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Simsemeshi. Namsubiri amalize, kisha namwekea chai." Nilipomaliza nililia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisubiri nimalize.

Mchungaji aliyakusanya, akayasoma, akanirudishia la mchumba wangu huku akitabasamu. "Dada, huyu kijana anakujua." Wasichana waliniambia nina bahati. Mama alikuwa akinikumbusha kila siku kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Sasa naye alinyamaza, akaanza kuulizia bei ya mahema ya harusi. Ningesema nini? Nikaendelea kuandika.

Sabato ya saba alikuja. Alikuwa amenenepa kidogo, amenyoa vizuri, na nilipomwona mlangoni moyo wangu uliruka. Nilimpenda, nisije nikaonekana nasingizia. Benchi langu lilijaa kwa mara ya kwanza, na bega lake lilinukia sabuni nisiyoijua.

Siku hiyo mchungaji hakutufundisha. Aliwataka wanaume wasimame mmoja mmoja, wawasomee wachumba wao walichoandika. Wangu akasimama bila wasiwasi, akafungua daftari lake, ambalo hakuwa amelishika hata siku moja, akaanza kusoma maneno yangu kwa sauti yake nzito. Alisoma vizuri. Nilifumba macho, na kwa dakika mbili hivi nilikuwa na mchumba niliyemtaka.

Alipofika kwenye vyombo, akasita. Akaisoma sentensi ile mara ya pili polepole, akanigeukia.

"Kwani wewe hufanya hivyo?"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani, hata mchungaji akapiga makofi. Mimi nilimtazama mchumba wangu usoni, nikaona anauliza kweli.

"Ndiyo," nikasema.

"Ai! Sikujua," akasema, akaendelea kusoma.

Tulipotoka nje alinishika mkono kwa furaha. "Umeona? Si tumepita?"

Niliangalia mkono wake juu ya wangu. Hakuwa na kosa la kunidanganya. Mimi ndiye niliyedanganya, tena kwa kalamu yangu. Nilimwomba anisubiri langoni, nikarudi ndani, nikamwambia mchungaji asitutangaze Sabato ijayo.

Alishtuka. "Kwa nini, mwanangu? Mmegombana?"

"Hapana, mchungaji," nikamwambia. "Bado hatujajuana kiasi cha kugombana."