Mume Aliyeitwa Ushahidi

Wanaume walikuwa hawaendi moja kwa moja kwenye meza ya Mama Nguvu. Kwanza walipita kama watu wenye haraka zao, wakafika mwisho wa soko, wakageuka, wakasimama kwa muuza nyanya na kubonyezabonyeza nyanya ambazo hawakuwa na nia ya kuzinunua. Ndipo wakamsogelea na kuulizia mdalasini. Mdalasini gani, na kila duka la mtaani linao? Mama Nguvu aliwaacha wamalize aibu yao. Alipoona mtu anakohoa na kifua hana, alimuuliza taratibu kama dawa ni yake au ni ya rafiki. Wote walikuwa na rafiki. Basi akauliza huyo rafiki ana umri gani, ana mwili kiasi gani, usingizi anaupata, na mtu akajibu yote bila kusita, hadi rafiki anavyojisikia alfajiri.

"Mficha uchi hazai, baba," alikuwa akiwaambia, kisha anaanza kupima.

Mezani kwake palikuwa na kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye asali, tangawizi kavu iliyosagwa, mbegu za maboga, karanga mbichi, tende, na mzizi mmoja mwekundu ambao aliutwanga mwenyewe na jina lake hakumwambia mtu. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake. Kama vitu hivyo vilikuwa na nguvu kweli, usiniulize mimi. Ninachojua ni kwamba wateja walirudi, na hakuna mtu anayerudi kukohoa mahali pamoja mwaka mzima kwa sababu ya mdalasini.

Lakini dawa iliyouza zile nyingine zote haikuwa mezani. Ilikuwa imekaa pembeni, chini ya bati lilelile lililoifunika meza, kwenye kigoda. Mume wake alikuwa fundi baiskeli, mtu mkimya mwenye vidole vilivyokolea gundi, na mbele yake palikuwa na beseni la maji la kutafutia pancha na pampu ya miguu miwili ambayo mpini wake Mama Nguvu aliuzungushia kipande cha kanga yake ya zamani ili usimchubue. Mteja alipoanza kutia shaka, Mama Nguvu aliinua kidevu kuelekea kule. "Mimi nisiseme sana. Yule ni mume wangu. Yule ndiye ushahidi." Naye fundi, bila kuinua uso, aliinua mkono mmoja juu, spana ikiwa bado mkononi, na safu nzima ya meza ikaangua kicheko. Mteja akacheka pia, na mtu akishacheka, kununua hakumshindi.

Jina likamganda. Hata waliokuja kuziba pancha walimwita Ushahidi, na yeye akaitika.

Mwanzoni utani ule ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa wa kweli. Walipooana alimkataza mkewe kumjaribishia dawa zake, akisema yeye hana rafiki mgonjwa. Mama Nguvu, mkaidi tangu utoto, akamfichia tangawizi kwenye uji wa jioni. Kumbe tangawizi na huyu bwana hawaivi chungu kimoja. Kwikwi ilimshika, na kila alipomsogelea mkewe, kwikwi, akigeuka, kwikwi. Walicheka gizani mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu hapo Mama Nguvu alijua kwamba mume wake anaweza kula kila kitu duniani isipokuwa tangawizi, na kila walipokumbushana usiku ule walicheka upya.

Kisha fundi akaugua homa ndefu. Alipoinuka alikuwa amebaki mifupa, na taratibu nyama ikarudi, mikono ikarudi kwenye spana, ila lile jambo moja halikurudi. Usiku wa kwanza alisema amechoka, na mkewe akampa pole. Baadaye akaacha hata kusema. Akawa anawahi kulala, uso ukutani.

Sasa mwambie muuza samaki asikaange samaki nyumbani kwake. Mama Nguvu alianza na mbegu za maboga kwenye mboga, akaja kwenye kitunguu saumu na asali, akaishia kwenye mzizi mwekundu ndani ya chai. Chai ilikuwa nyekundu kama maji ya kutu, na hakuna mume asiyejua chai ya mke wake ina rangi gani. Fundi aliijua. Aliinywa yote hadi chini, akarudisha kikombe bila kumtazama. Asubuhi kikombe, usiku ukuta, miezi na miezi.

Na ukweli ni kwamba Mama Nguvu hakulikosa sana jambo lenyewe. Alichokikosa ni kile kicheko cha gizani. Angeweza kumwambia hivyo, kwa maneno machache tu. Lakini mtu anayeuza nguvu tangu usichana atawezaje kufungua mdomo na kusema kwamba nguvu si kitu? Kila usiku aliahirisha. Muuza nyanya, shoga yake, alishaanza kunong'ona kwamba mganga hajigangi, ingawa hakujua anasema kweli kiasi gani.

Kule sokoni mambo yaliendelea vilevile, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. Mteja akitia shaka, kidevu kinainuka. "Yule ndiye ushahidi." Na mkono wa fundi ukainuka. Siwezi kusema uliinuka na nini ndani yake, ila mkewe aliyekuwa hatua mbili kutoka hapo hakuwahi kujiuliza.

Siku ya siku akaja mpakia mizigo mmoja mwenye sauti ya ngoma, na wenzake nyuma, akisema dawa za soko zote ni majani ya mbuzi. Mama Nguvu akafurahi. Wateja wa namna hiyo ndio waliokuwa wakimchangamsha. Akainua kidevu, akasema maneno yake. Fundi alikuwa ameinamia beseni, anatafuta mapovu kwenye mpira wa baiskeli. Mkono haukuinuka. Akamwita mara ya pili. Mkono ukabaki majini. Safu nzima ikanyamaza ikimtazama, na Mama Nguvu, ambaye hakuna alichokiogopa kama meza iliyonyamaza, akaokoa biashara kwa ulimi.

"Mwacheni mume wangu jamani. Leo hata mkono haumwinukii. Jana nilizidisha."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mpakia mizigo akanunua yake na ya wenzake. Fundi akautoa mpira majini, akaufuta, akauziba, akaupiga pampu, akamkabidhi mwenye baiskeli. Kisha akanawa mikono, vidole vyote, kimoja kimoja, akaondoka bila kuchukua chochote. Mama Nguvu alidhani ameenda kunywa chai. Jioni alikuta shati lake la pili halipo msumarini, na ufunguo wa nyumba uko juu ya shuka lililokunjwa vizuri.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Mama Nguvu alikuwa akiusema msemo huo kwa watoto wa wenzake kila siku.

Sokoni alitangaza kwamba mume wake ameenda kumuuguza mjomba. Kila asubuhi alikiweka kigoda mahali pake, akajaza maji kwenye beseni, akaisimamisha pampu. Wenye baiskeli walipokuja kutia upepo aliwapigia mwenyewe, akitoka jasho, kitambaa kikimwanguka, ili wasizoee fundi mwingine. Walimuuliza fundi karudi, naye akajibu yuko njiani. Binti yake, aliyeolewa mbali, alimpigia simu na kumwambia, "Mama, mtafute baba." Akajibu mwanaume si mbuzi wa kufuatwa nyayo. Moyoni alikuwa anaogopa kumpata na kuambiwa harudi. Hakutaka kingine chochote duniani ila mtu yule akae tena kwenye kigoda kile, ili amwambie maneno aliyoyaahirisha. Alikuwa ameshayapanga na kuyapangua mpaka akayajua kama sala.

Mvua zikaja zikaisha. Siku moja mchana akatokea mwanamke, akaja moja kwa moja bila kugusa nyanya ya mtu. Wanawake ndivyo wanavyokuja. Alikuwa dobi, vidole vimekunjamana kwa sabuni, uso mwema usio na makuu.

"Dada," alisema, "nataka dawa ya mume wangu. Iliyo kali kuliko zote."

Mama Nguvu akauliza maswali yake, na mwanamke akajibu: umri wa utu uzima, mwili mwembamba, usingizi sasa anaupata. Kisha akacheka, akaeleza kwamba mumewe kamkataza kabisa kuja hapa. Kamwambia akitaka kununua upuuzi wake anunue popote, ila sio kwa yule mama wa karibu na mashine ya unga. Naye akajiambia, kumbe hiyo ndiyo yenyewe.

Mama Nguvu naye akacheka, maana wake za watu walikuwa wakimletea visa vizuri kuliko hicho. Alishachota mzizi mwekundu na mbegu za maboga, akanyoosha mkono kwenye mkebe wa tangawizi.

"Hiyo usiweke," mwanamke alimwahi. "Ukimpa tangawizi anapiga kwikwi mpaka asubuhi."

Mama Nguvu akaufunika mkebe. Aliufunika vibaya, kifuniko kikaanguka, akakiokota, akakirudisha. Mbele yake bado kulikuwa na mteja. Akauliza, kwa sauti iliyomtoka vizuri kuliko alivyotegemea, mume anafanya kazi gani. Baiskeli, akaambiwa. Yuko ng'ambo ya reli, anafanyia kazi chini ya mwavuli, na pampu ni ya kuazima. Mwenye pampu anakuja kuichukua wakati wowote anaotaka.

"Na nyumbani yukoje?"

Mwanamke akafikiri. "Mpole. Na anaimba. Akiziba pancha anaimba, akioga anaimba, majirani wamemchoka." Akashusha sauti. "Mimi hilo jambo lenyewe wala halinisumbui, dada. Nishazaa, nishachoka. Nilitaka tu nimfurahishe, labda bado ana aibu."

Mama Nguvu alikuwa ameishi na mtu yule tangu ujana, wakikaa chini ya bati moja mchana na chini ya bati jingine usiku. Hakujua kama anaimba.

"Ulishamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba halikusumbui."

"Nilimwambia siku ya kwanza," mwanamke alisema, akishangaa swali lenyewe.

Mama Nguvu alitazama kile alichokipima. Angeweza kumwambia huyu mwanamke yeye ni nani, na soko zima lingesimama upande wake. Muuza nyanya peke yake angetosha. Angeweza kufunga meza na kuvuka reli mchana ule ule, na maneno yake yote anayajua. Lakini yalikuwa yameshasemwa. Yalisemwa na mtu mwingine, siku ya kwanza, bure, na yeye aliyeyaweka muda wote huo hakuwa na mengine.

Akachukua karatasi, akakung'uta mzizi ukarudi kwenye mkebe wake, na mbegu kwenye bakuli lake.

"Sikuuzii, mdogo wangu. Usimpe kitu chochote. Ulishampa."

Mwanamke alitaka kubisha. Mama Nguvu akazunguka meza, akaenda pembeni, akainama, akaichukua pampu. Aliishika mpini kwa muda, pale penye kipande cha kanga, kisha akamwekea yule mwanamke mikononi.

"Mpelekee hii. Haina mwenyewe."

"Nitamwambia nini, na alinikataza kuja hapa?"

"Mwambie ulikuja, na muuza dawa amekataa kukuuzia."

Mwanamke akashukuru mara nyingi, akaondoka amekumbatia pampu kama mtoto wa mtu. Alipofika mwisho wa safu akageuka, akainua mkono kuaga. Mama Nguvu akauinua wa kwake na kutabasamu, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Mkono ulikuwa mzito. Hapo ndipo alipojua, na alijua vizuri sana, uzito ambao mume wake alikuwa akiuinua kila siku mbele ya soko lile. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Hakukaa sana akaja mzee wa kuuza mkaa akiburuta baiskeli, gurudumu la nyuma limelala chini. Akatafuta pampu kwa macho, hakuiona.

"Mama, fundi karudi?"

"Fundi alihama," Mama Nguvu alisema. "Vuka reli. Utamjua, anaimba."

Mzee akashukuru, akageuza baiskeli. Mama Nguvu akamwaga maji ya beseni, akakisukuma kigoda chini ya meza, akarudi kukaa mahali pake.