Gari Lililozimika Redio Ikiimba

Harufu ya petroli ikichanganyika na viti vya plastiki vilivyochomwa na jua hunirudisha kwetu Suna, kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba. Lilikuwa gari la zamani, rangi ya krimu, refu hivi kwamba lango letu halikufungika likiwa ndani.

Baba ndiye aliyekuwa akiliendesha, hadi alipopatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama maji ya mfereji siku ya mgao. Kila wiki ilibidi apelekwe Homa Bay kufanyishwa mazoezi ya viungo. Matatu zilimshinda, kwa kuwa mguu ule haukukunjika na makanga hawakuwa na subira. Basi mama, aliyekuwa abiria maisha yake yote, akajifunza kuendesha.

Ndipo gari nalo likaanza kuugua. Lilikwenda vizuri, kisha likifika mlimani injini inanyamaza ghafla, bila hata kukohoa. Tukikaa kidogo, linawaka tena kana kwamba halijui lolote. Tukilifikisha kwa fundi, linanguruma kwa adabu zote, kama mtoto anayepona akiona sindano. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili akasafisha plagi. Wa tatu, kijana mpole kutoka Isebania aliyesifika kwa waya za magari, alilizunguka na kutikisa kichwa.

"Mama Akinyi, hii gari ni mzee. Wacha nitoe waya zote, niweke mpya. Haitakusumbua tena."

Mama alimshukuru, akakataa. "Huyu mwizi tutamtafuta wenyewe," alisema. "Mwizi hashikwi akiwa amelala kwake. Anashikwa akiwa kazini."

Akatugawia kazi. Mimi nilikaa nyuma, shingo nimeichomoza katikati ya viti, nichunge taa za dashibodi. Baba alikaa mbele asikilize. Nilimwonea mama huruma, kwani niliona wazi hajui kitu kuhusu magari. Kila jambo alimwuliza baba, na jibu la baba lilichelewa kama maharagwe yanayopikwa kwa kuni mbichi.

"Nianzie wapi, Wuon Akinyi?" alikuwa akiuliza, akimwita Baba Akinyi kwa Kijaluo, boneti ikiwa wazi, kisha akingoja. Baba alipigana na neno, jasho likimtoka. Siku moja nililisema kwa niaba yake. Mama alinikata jicho, nikameza ulimi.

Wakaangalia fyuzi. Wakaangalia swichi ya ufunguo. Gari likazima tena njiani, tukakosa mazoezi ya Homa Bay, tukarudi nyumbani polepole nyuma ya trekta la miwa, majani makavu yakiturukia kwenye kioo. Mama alifunga kitambaa chake upya kichwani. "Jumanne tunaenda tena," akasema.

Jumanne hiyo, tulipokwisha kuupita mji wa Rongo, injini ikanyamaza mlimani. Mama akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Wacha!" baba akasema.

Lilikuwa neno zima, lenye nguvu. Sikuwa nimelisikia la namna hiyo tangu augue. Mama akaondoa mkono.

"Akinyi, taa ziko?"

"Ziko, Mama. Na redio bado inaimba."

Baba akainua mkono wa kushoto, akaonyesha redio, kisha akaonyesha mbele. "Huku... umeme upo. Injini... haina... njia ya kurudisha." Akavuta pumzi. "Athi."

Mama akashuka. Athi ni waya mnene unaounganisha injini na bodi, ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Aliuona, akatuambia ni mzima. Baba alifungua mlango kwa mkono wake mzuri, akachungulia nje.

"Vuta."

Mama akavuta, ukachomoka ukabaki mkononi mwake. Ndani ya kibanio chake nyuzi zilikuwa zimekatika, zimebaki mbili tatu ambazo ziliachana kila injini ilipoyumba mlimani, na zikagusana tena tukipumzika. Mama akatoa kwenye buti ule waya wa kuombea moto kwa betri ya jirani, akaubana upande mmoja kwenye ncha hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini, kama baba alivyomwelekeza. Gari likawaka. Tuliupanda mlima ule na mingine yote, na ziwa la Homa Bay lilipotokea mbele yetu mama alipiga honi bila sababu. Baba alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwaka jana, tukichambua omena, wale dagaa wa ziwani, uani, nilimwuliza mama kwa nini alimkatalia fundi wa Isebania.

"Yule kijana angeitengeneza, sikatai," alisema. "Lakini baba yako watu walikuwa wanamlisha, wanamvalisha, wanamwombea. Hakuna mtu alikuwa anamuuliza kitu. Mimi nilikuwa na swali, na ni yeye alikuwa na jibu. Ningempelekea mtu mwingine?"

Utotoni niliona mama asiyejua magari na baba asiyejua kusema haraka, nikadhani ni bahati tu tulifika. Sikuona kazi kubwa aliyokuwa akiifanya mama pale aliposimama juani, mikono ina grisi, akingoja neno. Nilichokiona ni kwamba baada ya safari ile baba alianza ubishi. Alibishana na mganga wa mazoezi, akabishana na mchungaji, akabishana nami juu ya hesabu zangu, neno moja baada ya jingine, nasi sote tukajifunza kukaa tukamsubiri amalize.