Asubuhi Tuliyomwinua Nanyokie

Tulikuwa watu saba na ng'ombe mmoja. Mimi. Mke mwenzangu, mdogo kwangu, ambaye tulizika naye mume na sasa tunapika jiko moja. Mke wa mtoto wangu wa kwanza. Mnunuzi wa mifugo, Msomali mwenye duka Isinya, ambaye namwita shemeji kwa utani kwa sababu bibi yake huniita dada. Mtoto wa marehemu dada yangu, dereva wa watalii. Kwetu huyo ni mtoto wangu tu na ananiita yeyo, yaani mama. Na wageni wake wawili, mzee wa kizungu na bibi yake.

Majina ya watu nayajua yote lakini sitayaandika. Ya ng'ombe nitaandika. Nilipoolewa baba alinipa Nanyokie, mwekundu. Akazaa Naibor, mweupe. Naibor akazaa Narok, mweusi. Narok akazaa huyu, na kwa vile alitoka mwekundu kabisa tukamwita Nanyokie tena. Hakuwa na ndama. Akifa yeye, ng'ombe wa baba yangu wameisha, na mimi kwa umri huu siwezi kuanza wengine.

Mvua ndefu haikuja, na ile fupi ilinyunyiza siku mbili ikaacha. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Ngong, tunatoa mitungi nje, halafu upepo unayabeba yote. Udongo mweusi ulipasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama. Zamani tungehama. Sasa ukiangalia kila upande ni waya: ploti, shamba la maua, ploti tena. Nilimlisha maboksi ya dukani kwa shemeji, nimeyaloweka kwa maji ya chumvi. Aliyakula akiniangalia.

Ng'ombe wa kiangazi akilala, asubuhi hawezi kujiinua. Mnamwinua nyinyi. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wengine wanapitisha fimbo chini ya tumbo. Akisimama anatembea kidogo, miguu inapata nguvu, ameishi siku nyingine. Jua likiwa kali kabla hajasimama, basi.

Siku hiyo tulijaribu mara mbili, wanawake watatu na shemeji, tukashindwa.

"Mama, nipe ruhusa nimchinje bado anapumua," shemeji akasema. "Akikufa hivi mimi sitamgusa."

"Shika pembe unyamaze."

"Nimeshika. Nilikuja kununua ng'ombe, umenifanya jeki."

"Jeki gani hiyo inapumzika kila dakika," mke mwenzangu akamwambia.

Ndio tukaona gari ya mtoto wangu inakuja na vumbi lake. Alikuwa anawapeleka wageni Amboseli, akawaahidi kuwaonyesha nyumbu njiani.

"Yeyo, nimezunguka tangu alfajiri," alisema akishuka. "Nimeona waya tu."

"Na nyumbu wapite wapi? Juu ya nyumba za watu?"

Hao nyumbu zamani walikuwa wanazaa hapa hapa kwenye uwanda, wengi mpaka tunahamisha ng'ombe wetu mbali, kwa sababu nyumbu akizaa anawaachia ng'ombe ugonjwa. Tuliwachukia. Leo watu wanatoka ng'ambo kuwatafuta na hawapo.

Mzee wa kizungu akainua kamera.

"Mwambie aweke hiyo kitu chini ashike mkia," nikasema.

"Yeyo, hawa ni wageni."

"Wageni wako na mikono."

Alimwambia, kwa aibu. Yule mzee hakubisha. Aliweka kamera kwa kiti, akashika mkia kwa vidole viwili.

"Anashika kama anasalimia askofu," mke mwenzangu akasema. "Vuta, baba, vuta."

Hakuelewa neno lakini alivuta. Bibi yake akaja upande wangu wa fimbo. Miguu ya nyuma ikatangulia, halafu ya mbele, na Nanyokie akasimama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kwetu akisimama hivyo unanyamaza, unamwacha apate miguu yake. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Wageni wakapiga makofi.

Nanyokie akaruka kando. Mguu wa mbele ukaingia kwa ufa, akaanguka na uzito wake wote, na nikasikia mfupa.

Jua lilikuwa limepanda. Shemeji aliniangalia.

"Chinja," nikasema.

Alimgeuza kichwa polepole kuelekea kibla yake, akataja jina la Mungu. Bibi wa kizungu alirudi garini. Mzee alibaki amesimama, mikono imekaa ovyo. Nilimwambia mtoto wangu awaambie hawana makosa. Alisema maneno machache tu, sijui kama ni hayo.

Mimi nimekuwa nikisimulia kwamba ni makofi ya wageni. Lakini mke wa mtoto wangu anasema wageni walituangalia sisi kwanza, na kabla ya makofi mmoja wetu alipiga kigelegele. Anasema ni mimi. Mke mwenzangu akiulizwa anasema hakumbuki, na anajishughulisha na jiko. Fimbo mkononi naikumbuka vizuri. Mdomo wangu siukumbuki. Kama mmoja wenu mliokuwa pale anasoma hapa, na nimeweka jambo mahali si pake, aniambie. Sitakasirika. Nimechoka kukasirika.